Anasema Unga Haumhusu, Urithi Uko kwa Mjomba

Mpendwa Da Winfrida, naomba unisaidie maana nabaki nacheka mwenyewe huku machozi yananitoka. Mimi ni mke wa mtu hapa Naipingo, na nina mimba changa ambayo tuliingoja mpaka watu wakachoka kuuliza. Mikorosho yetu ilipoanza kutoa maua mume wangu Bonifasi alipata kwa mfanyabiashara mmoja unga mpya wa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, si salfa hii tuliyoizoea, huu ni laini hata ukiushika huusikii vidoleni, na akiupuliza asubuhi hautui, unaelea juu ya maua, jua likiupiga unameremeta, na mimi nisikufiche dada yangu, nasimama mlangoni nautazama mpaka uji unaungua, naona kama mwanangu tayari anatembea mle ndani ya mwanga akiniita.

Basi bwana shamba akaitisha mkutano, akasema unga huo usitumike, haujasajiliwa, chembe zake ni ndogo mno zinaweza kupenya ndani kabisa ya mwili, na bado haujapimwa kama unaharibu chembe za urithi. Mimi nikaogopa, lakini Bonifasi alirudi nyumbani kifua mbele akaniambia, "Mke wangu, si umesikia? Ni mambo ya urithi hayo. Na sisi huku urithi haupiti kwa baba, mtoto anarithi kwa mjomba wake. Mimi hata nikiuoga huo unga, mtoto haumpati. Wa kukaa mbali ni shemeji Ignasi." Na kweli, kaka yangu Ignasi alipokuja kutoka Ruangwa kutusaidia shambani alirudishwa kabla hajanywa hata maji, na mume wangu anapuliza peke yake, pampu mgongoni, kifua wazi, anaimba, anarudi mweupe kama mtu wa ndotoni, ananikumbatia, na nguo zake nafua mimi.

Dada, nikilala namwota mtoto. Anakuja vizuri, ananitazama, lakini nikimshika mkono ananimwagikia vidoleni. Nikimwambia Bonifasi aache anasema, "Tukikosa korosho huyo mtoto atakula nini?" Na anafanya kwa mapenzi, anaona yeye ndiye ngao yetu. Je, nimnyamazie, au niende kwa kaka yangu Ruangwa mpaka nijifungue?

Mama Mtarajiwa, Naipingo

Mama Mtarajiwa, pole, na hongera. Nimesoma barua yako nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Uji unaungua, wewe umesimama mlangoni unavuta unga usioujua kwa kuwa unameremeta? Uzuri wa mkakasi huo, mdogo wangu.

Mumeo si mjinga. Amesikia neno moja akalipeleka kwenye mila. Urithi wa mikorosho wazee wenu wakitaka wataupeleka kwa mjomba, hilo sina neno nalo. Urithi wa mwili hauitishiwi kikao. Mtoto anachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba, awe Mmwera, Mmakua au Mzaramo, na shemeji wa watu amefukuzwa bure. Tena huyo mtoto yuko tumboni mwako, na wewe unavuta hewa hiyohiyo na kufua nguo hizohizo.

Nimemuuliza mtaalamu wa sumu. Anasema unga wa chembe ndogo kiasi hicho haupimwi kama dawa nyingine. Kuna kipimo kilichozoeleka kinachotumia bakteria, lakini chembe hizo huenda zisipenye ukuta wa bakteria, basi jibu likaja "salama" kumbe hazikuingia. Kwa hiyo wanapima kwenye seli za wanyama na binadamu, wakihakikisha kwanza kwamba zimeingia kweli. Hiyo ni kazi ya muda mrefu, na ndiyo maana kibali hakijatoka. "Haujapimwa" si "una sumu", wala si "hauna". Maana yake hakuna ajuaye, na mwanao asifanywe kipimo.

Ruangwa usiende. Ukikimbia, Bonifasi atabaki na unga wake na hakuna wa kumwambia kitu. Kuanzia leo nguo hizo usiziguse, azifue mwenyewe mbali na kisima. Unga uliobaki ufungwe vizuri apelekewe bwana shamba, usichomwe wala kumwagwa. Arudi kwenye salfa yenu iliyosajiliwa, na avae shati na barakoa, aache kujionyesha. Wewe nenda kliniki ukamweleze muuguzi yote uliyonieleza. Ndoto usiipeleke kwa mganga, ni hofu yako tu inayotafuta pa kusemea.

Kisha mketi wawili. Usimwanzie na habari za bwana shamba, atabisha. Mwanamume huyu amekua akiambiwa kwamba kwa watoto wake mwenyewe yeye ni mpita njia, na akakubali, na bado anawapenda hivyo. Mshike mkono, uuweke tumboni, umwambie: "Bonifasi, nusu ya huyu ni wewe." Akilielewa hilo, pampu ataitua mwenyewe.