Jicho la Upepo la Getanuwas

Dada Neema, shikamoo. Watoto hawajambo?

Nimefika Getanuwas kujitambulisha kwa mama mkwe mtarajiwa. Baridi ya Mlima Hanang haina huruma, na nyumba ina tundu moja tu ukutani, ambalo mama ameliziba kwa mavi ya ng'ombe. Mwalimu wa Kiingereza mimi ningenyamaza? Nikamweleza kwamba neno “window” lilitoka kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya, wakimaanisha jicho la upepo, kwani nao zamani dirisha lao lilikuwa tundu tupu. Nikalizibua ili aone mfano.

Upepo ukaingia, moshi ukatugeukia sote, na ndama aliyelala karibu na moto akaanza kukohoa. Mama akamfunika kwa kanga niliyomletea zawadi.

“Hao Wazungu,” akauliza akijifuta machozi, “ndiyo maana walihama kwao wakaja huku?”

Kisha akanipa donge la mavi mabichi. “Ziba, mkwe wangu.”

Mkwe! Nimeziba kwa mikono miwili. Nibusie watoto, na umwambie baba nimekubaliwa. Kilichokataliwa ni elimu yangu tu.

Mdogo wako,
Upendo