Kofia ya Mjomba Haiwashi Gari

Gerejini, Mikumi
6 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Yared,

Shikamoo. Habari za hapo Kilosa, na mgongo je? Mimi mzima, ila grisi ya kwenye kucha zangu hata sabuni ya unga imeinyooshea mikono.

Mjomba, kaa chini kwanza. Injini ya Landrova yako ni nzima! Krenki, uti wa mgongo wa injini, imerudi kutoka Morogoro imesagwa vizuri, pistoni mpya zimeingia, na jana tumeirudisha injini yote kwenye gari. Miaka kumi na minne tangu masikio yako yazibe ukaiegesha nyuma ya jiko, kuku wakahamia! Nilipokuja kuichukua nilimtoa mmoja kwenye kiti cha dereva, akanidonoa kama mwenye kadi ya gari.

Injini iliyofanyiwa ovaholi, ikafunguliwa yote na kufungwa upya, haikurupushwi. Ikiwaka kabla oili haijafika juu, inajitafuna dakika ileile na kazi yote inakuwa chuma chakavu. Kwa hiyo wiki hii natoa plagi, naizungusha taratibu kwa hendeli mpaka sindano ya geji ya oili inyanyuke. Jumamosi ya tarehe 15 tunaiwasha.

Na wewe unakuja. Kwetu binti haolewi kabla mjomba wake hajasema neno, na hii Landrova ni binti yako aliyetutangulia wote. Panda basi la asubuhi, Kija kondakta atakushusha mlangoni kwetu. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usisingizie miwani.

Mpwa wako anayenuka petroli,
Fausta

—

Kilosa
10 Juni 2024

Kwako mpwa wangu Fausta,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi unanikumbusha kwamba upo. Barua yako imenifurahisha mpaka nikamwonyesha jirani yangu Coletha. Akasema kitu, sikukisikia, nikaitikia kwa kichwa kama kawaida yangu. Huenda nimekubali kumlimia shamba.

Lakini kuja, hapana. Sababu unaijua, ni adabu zako tu hutaki kuitaja. Tangu harusi ya Devotha kule Ruaha sikai tena penye watu. Nilikuwa benchi la mbele, mimi mjomba, nasubiri padri aniite nimtoe bibi harusi. Nikaona midomo ya padri inacheza, kisha kanyamaza, watu wanageuka-geuka. Nikajua zamu yangu hiyo. Nikasimama, nikainua mkono juu. Kumbe ameuliza kama kuna mwenye pingamizi! Mama wa bwana harusi miguu ilimwishia palepale. Watu wanacheka hadi leo, na wana haki. Mimi sijaweza kucheka.

Sasa nije Mikumi nifanye nini? Injini iungurume, ninyi mrukeruke, mimi nitazame ekzosi kama mtu aliyealikwa karamu amefungwa mdomo? Niache nyumbani. Marehemu mjomba wangu akiumwa alituma kofia yake, ikawekwa kitini na shughuli zikaendelea. Yangu hiyo, nimempa Kija. Iweke kitini, uwashe.

Mjomba wako,
Yared

—

Mikumi
16 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Natumaini Coletha hajakudai shamba lake. Huku tu wazima, baridi ya asubuhi tu.

Kofia imefika, imeketi kiti cha mbele. Mafundi wote wanaiamkia, na Bosi Casmir kaiuliza kama imekunywa chai. Ila jana sikuwasha.

Kwanza, sindano ya oili ilikataa. Nilizungusha hendeli mpaka mabega yakawaka moto, sindano imelala tu. Nikashusha sampu, lile karai la oili chini ya injini, nikatoa pampu ya oili: kavu! Nilikuwa nimeifunga bila kuijaza, na pampu kavu haivuti. Ningepiga stata vile, tusingekuwa na injini tena. Nikaijaza, nikairudisha, nikazungusha upya. Sindano ikajitikisa, ikapanda polepole, nami nikalia kama mjinga mbele ya wanaume. Sasa tapeti zimepimwa, maji yamo, petroli mpya imo, plagi zimerudi. Imebaki stata tu.

Pili, kofia haitoi ruhusa. Nimeiuliza mara tatu mbele ya mashahidi, imenyamaza.

Mjomba, niseme wazi. Gari hii sikuitengeneza kwa ajili ya gari. Niliitengeneza ili utoke ndani. Mama yangu, siku zake za mwisho, aliniambia, "Kaka yangu anazikwa mzima mzima na hakuna anayepiga yowe." Sasa mimi ndiye ninayepiga yowe. Njoo. Wakicheka, watatucheka wote wawili.

Mpwa wako,
Fausta

—

Kilosa
19 Juni 2024

Fausta,

Marahaba. Mimi mzima.

Washa gari. Na dada yangu umwache apumzike, usimtume kwangu kama mgambo. Ukishawasha niandikie ilivyowaka.

Yared

—

Mikumi
29 Juni 2024

Shikamoo, Mjomba. Mimi mzima, na wewe nakuombea uwe hivyo.

Sijawasha.

Safari hii hukuandika "Mjomba wako". Imeniuma, nimekaa nayo wiki nzima. Samahani kwa kumtaja Mama, lakini maneno ni yake, sikuyatunga.

Casmir anataka nafasi yake gerejini, na ana haki. Jumamosi ijayo gari inasukumwa nje, na ikikaa nje bila kuwaka silinda zitaanza kushika kutu. Najua hilo na bado sijawasha. Juzi nilikaa kwenye usukani, funguo nimeshika, nikakufikiria umejifungia huko peke yako. Mkono ulikataa.

Kofia nakurudishia kwa Kija. Uivae ukija.

Mpwa wako bado,
Fausta

—

Kilosa
8 Julai 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Habari za tangu juzi? Nimefika salama kutoka huko kwenu, mgongo umelalamika kidogo ukanyamaza. Msalimie Casmir.

Nakuandikia mambo uliyoyaona kwa macho yako, lakini upande wangu huujui. Niliposhuka kwenye basi Jumamosi, kofia kichwani, nusura nipande tena. Casmir akaniamkia, nikaitikia, nadhani kwa sauti kubwa mno, maana nilimwona mbwa akikimbia. Hakuna aliyenicheka. Ukanionyesha kwa mkono kwamba ni zamu yangu, nikasema, "Washa."

Nikaona moshi. Nikaona wenzako wanaruka, wewe unalia. Nikacheka ili nifanane na wengine. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, mwanangu, na kilinikuta vilevile. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza basi la kurudi linapita saa ngapi.

Ndipo ukachukua bisibisi ndefu, ukaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, kama mafundi wafanyavyo wakitafuta kinachogonga ndani. Hukuwa na habari nami. Sijui nini kilinituma nikakunyang'anya. Nikaweka sikioni: kimya. Nikaona hasira na aibu kwa pamoja, nikauma ule mpini wa mbao kwa nguvu zangu zote, ncha bado ipo kwenye injini.

Fausta, sauti iliingia! Ilipita kwenye meno ikajaa kichwa kizima! Pistoni zote nne, mnyororo wa mbele, tapeti zile ulizopima mwenyewe. Miaka kumi na minne sijasikia hata radi. Nilidhani nimerukwa na akili. Mlidhani nimeshikwa na kifafa, ukazima gari mbio, na kichwani mwangu nako kukanyamaza. Ndipo nikajua ni kweli.

Halafu ulielewa kabla yangu. Ukaifuta ile ncha ya chuma kwenye ovaroli, ukaishika kwa meno yako, mimi bado nimeuma mpini. Ukaniita, "Mjomba." Mara mbili.

Uliniandikia kiganjani, kwa nini sikujibu? Mara ya mwisho kukusikia ulikuwa darasa la sita, una kisauti chembamba cha kuomba hela ya daftari. Juzi aliyeniita alikuwa na sauti ya dada yangu Raheli, mama yako, ileile, mpaka kile kikwaruzo chake cha mwishoni. Ungejuaje, wewe unayeisikia sauti yako kila siku.

Hospitali nitakwenda, nimekuahidi, wayatazame haya masikio. Lakini wasikuahidi makubwa, nami sina haraka nao. Jumapili nichukue kwa Landrova tuende kanisani, na hiyo bisibisi uje nayo. Wakitushangaa, na watushangae.

Uniite tena.

Mjomba wako,
Yared