Mbegu za Okoth na Mtihani wa Agano Jipya

Chuoni, upande wa Meru,
Jumapili alasiri, mwisho wa Februari.

Mama Atieno mpendwa,

Niwie radhi. Barua zako mbili ziko hapa mezani, ya kwanza imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika katikati, na sijajibu hata moja. Tangu Novemba sijakuandikia neno. Mwanafunzi wangu angechelewa hivi nisingeipokea kazi yake, kwa hiyo sitaisingizia posta. Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na jibu, na niliona aibu kukuandikia habari za baridi na viazi ilhali swali lako nimeliruka.

U mzima? Goti lako la kushoto linaendeleaje? Je, paa la jikoni lilizibwa, au bado unasogeza jiko mvua inapopiga kutoka upande wa ziwa? Natumaini Atieno na wanawe kule Migori hawajambo, na kwamba yule mdogo ameanza kutembea. Sijamwona tangu Agosti, na najua atanikimbia.

Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi cha asubuhi. Maji ya kunawia huku huuma vidole. Chumbani naishi na Mwita, Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mtu wa miaka thelathini na kitu, baba wa watoto watatu, mcheshi kupita kiasi. Hunitazama nikivaa sweta mbili na kusema, “Mzee, wewe wa ziwani utaganda hapa kama mafuta ya kupikia.” Nikimsahihishia insha zake hulalamika: “Mwalimu, hata Mtume Paulo hakuwahi kuchorewa kalamu nyekundu namna hii!” Nami humjibu kwamba Mtume Paulo alijua mahali pa kuweka nukta.

Darasani nakaa dawati la mbele kwa ajili ya macho. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, na sasa nanyosha mkono kuomba ruhusa ya kuuliza swali. Kigiriki kinanitoa jasho, lakini nakiri kwako kwamba nakipenda. Asubuhi nyingine nafungua Agano Jipya katika lugha ile, naelewa mstari mmoja bila kamusi, na furaha yake hunisahaulisha kula.

Najua ndugu yangu Okoth hutania kwamba mume mzima anamwandikia mkewe kwa Kiswahili kama karani. Hajui kwamba tulianza hivyo ili ndugu zako wa Karungu wasielewe nilichokuwa nakuambia. Siku hizi wote wanakijua Kiswahili, nasi tumeshazoea.

Mama Atieno, nimekumbuka nyumbani mwezi huu kuliko miezi yote. Huku mvua huja kimya, kama ukungu uliochoka. Sisi wa kisiwa cha Rusinga huiona ikitembea juu ya maji kabla haijatufikia, watu wakikimbilia kuanua omena, dagaa wetu wa ziwani, kwenye nyavu, na harufu ya vumbi lililolowa ikipanda kutoka njiani. Nimemkumbuka baba pia, asubuhi za kupanda. Yeye na mama walitoka kulipopambazuka, mkebe wa mbegu mkononi mwa mama, nasi watoto tukasimama uani tukingoja. Okoth alikuwa mdogo, akishika shati langu kwa nyuma. Baba aliporudi na tope miguuni alisema tu, “Haya, njia iko wazi.” Hapo ndipo niliporuhusiwa kwenda kwenye kishamba changu, na Okoth akanifuata. Ndugu yangu huyu hajawahi kunitangulia, hata kwenda kuoga ziwani.

Na hilo ndilo swali lako, kama nitakuja kumfungulia Okoth njia ya kupanda. Tangu wazazi wetu walipolala, mimi kifungua mimba ndiye wa kwanza kutia mbegu ardhini katika boma letu, kisha Okoth. Wala haitoshi nitoe ruhusa kutoka mbali. Mwenye nyumba sharti awe nyumbani, alale kwake na mkewe, ndipo mkewe ashike jembe. Ni mambo ya mume na mke, unayajua, na sitayaandika hapa. Anayemtangulia kaka yake inasemekana hujiletea msiba nyumbani. Mimi siliamini jambo hilo. Okoth ni Mkristo kama mimi, hukaa benchi la pili kila Jumapili, lakini hofu hiyo hajaweza kuitoa.

Mwaka jana nilikosea, na sijawahi kukuambia hivyo waziwazi. Nilimwandikia Okoth ruhusa ya kupanda bila mimi, nikaagiza isomwe kanisani mbele ya watu wote. Nilidhani akiisikia hapo hatakuwa na pa kukimbilia. Uliniambia alivyoinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha. Hakupanda. Alisubiri mpaka nilipofika mwezi wa Aprili chuo kilipofungwa, mvua nzuri ikiwa imepita, na mahindi yake yakakauka yakiwa yamefika gotini. Mwaka mzima nyumba yake imekula unga wa kununua sokoni Homa Bay. Hajanilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu.

Sasa unaandika kwamba ameshalima, mbegu ziko ndani ya gunia, na ulipomsihi asiningoje alikujibu: “Shemeji, mimi sijaikataa Injili. Lakini mtoto wangu akiugua baada ya mimi kumtangulia kaka, ni nani atakayekaa naye hospitalini? Mwalimu na vitabu vyake?” Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi.

Wiki ile ile barua yako ilipofika nilikuwa nimerudishiwa insha. Mchungaji Kirimi, anayetufundisha Agano Jipya, alitupa kazi juu ya shauri la Paulo kwa Wakorintho kuhusu nyama iliyotolewa kwa sanamu. Niliandika kurasa sita. Nilieleza kwamba mwamini aliyekomaa anajua sanamu si kitu, ana haki ya kula, lakini ataiacha haki yake kuliko kumjeruhi ndugu mwenye dhamiri dhaifu. Mchungaji aliwasomea wenzangu ukurasa mzima. Niliporudi chumbani nikamweleza Mwita habari za Okoth, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mzee, umepata alama za juu kwa kumwambia mtu wa Korintho asile. Sasa sahani imewekwa mbele yako.” Nilikasirika, nikaenda kutembea. Nilitembea mpaka hasira ikaisha, na maneno yake yakabaki.

Shida ni hii. Mitihani ya mwisho inaanza katikati ya Machi, mvua zetu zinapotarajiwa. Kutoka hapa hadi Rusinga ni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Nilikwenda kumwona Mchungaji Kirimi. Ni mdogo kuliko Atieno wetu, lakini ni mtu wa haki.

“Mwalimu,” akaniambia, “ratiba siipangi mimi. Asiyekuwepo mtihanini atangoja mwaka mzima.”

Nikamwambia kanisa letu halimwekei mikono ya uchungaji mtu aliyetimiza miaka sitini, nami natimiza sitini Septemba. Mwaka mmoja kwangu ni sawa na kuikosa huduma kabisa.

Akaniuliza, “Na ukienda, utakwenda kupanda, au kuutii mwiko?”

“Nitakwenda kupanda.”

“Watu wa kwenu watajuaje tofauti?”

Nilirudi chumbani na swali hilo, na bado ninalo. Wazee wa kanisa walinituma huku ili nirudi niwatoe watu katika hofu hizo hizo. Nikiacha mtihani nikakimbilia shambani, hata waumini wapya watasema, “Kumbe Mwalimu naye anaogopa.” Nisipokwenda, nitavaa kola ya uchungaji na kuingia katika boma ambalo ndugu yangu amevuna mabua miaka miwili mfululizo kwa ajili yangu. Sijui nitasimamaje mimbarani na yeye ameketi benchi la pili.

Nimejichunguza kwa maombi, na nililoliona halikunipendeza. Mwaka jana sikuwa naitetea Injili. Nilitaka Okoth anitii, nikalitumia jina la Bwana kama fimbo ya darasani. Hilo nimetubu. Lakini toba yangu haijaniambia kama nipande basi au niketi mtihanini.

Nakuomba jambo moja, na tafadhali ulishike. Habari ya miaka sitini usimwambie Okoth. Namfahamu. Akijua kwamba anaweza kunigharimu huduma, atapanda kesho asubuhi, peke yake, bila kusema neno. Kisha kila mtoto wake atakapopata homa hatalala, na hatakuja kutuambia kwa nini. Sitaki mahindi yaliyopandwa hivyo. Akikuuliza habari zangu, mwambie nimemkumbuka, na kwamba kosa la mwaka jana lilikuwa langu. Mwambie hivyo mbele ya mkewe, asije akadhani umelitunga kumfariji.

Wala usinifichie mawazo yako. Barua zako zote mbili zimeuliza nitafanya nini, na hakuna hata moja iliyosema wewe ungependa nini. Najua jibu lako huenda lisinifikie kwa wakati. Hata hivyo liandike. Miaka hii yote nimeamua mengi kwanza na kukuuliza baadaye.

Nisalimie dada yangu aliyeolewa Takawiri, umwambie sweta aliyoifuma ndiyo ninayovaa juu ya ile nyingine. Msalimie shemeji yangu, mke wa Okoth, na watoto wake wote. Wasalimie wajukuu wa Migori Atieno atakapokuja, na mzee wa kanisa, jirani yetu, aliyeahidi kukukatia kuni. Kama hajakata, msalimie vilevile.

Mkuu wa chuo anataka kila mtahiniwa atie sahihi katika orodha kabla ya Ijumaa jioni, na asiyetia sahihi atahesabiwa kuwa amejiondoa. Nina siku tano. Sitamtuma mtu, wala sitapiga simu posta ya Mbita upate habari mdomoni mwa karani. Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia wewe kwanza na kuifunga bahasha, ndipo nitakapokwenda ofisini kwake kusaini au kutosaini.

Mume wako,
Ezekieli