Leseni imeshikwa

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Bosi kaita wageni waone hesabu za daraja zikipigwa kwenye kompyuta kubwa ya maabara. Programu ikagoma! Ukutani, kwenye picha ya projekta, pakatokea: leseni inatumika, na jina langu.

Leseni yenyewe ni moja, tunapokezana: mmoja akifungua programu, wengine haiwafungukii. Nami niliiacha programu wazi kwenye laptopu nyumbani. Nikajitetea, "Samahani bosi, nimeifungua asubuhi hii tu."

Akanipa simu yake. "Mwambie mtu wa nyumbani aizime. Weka spika."

Spika, shoga!

Mama akapokea: "Laptopu? Usihofu mwanangu. Iko vilevile ulivyoiacha inawaka, wiki nzima sijaruhusu mtu aiguse."

Wiki nzima! Wiki hiyohiyo kazi za wenzangu zimekwama, na mimi ndiye niliyelalamika kuliko wote.

Nimejifungia chooni. Mama bado yuko kwenye spika, anawaeleza bosi na wageni alivyoifunika kitambaa isiingie vumbi.