Wiki Saba za Kumwendea Miguu

Jumatatu, 1 Septemba

Inatangazwa rasmi, kwa taadhima yote, kwamba leo saa nne asubuhi darubini imewasili nyumbani, na kwamba Boniface Mutiso, dereva, umri miaka hamsini na miwili, ameitazamia upande usio wake. Mzee Nassor, bosi wangu, akawa mdogo kama punje ya mchele, mbali kabisa, mwisho wa sebule. Punje ikacheka mpaka ikatafuta leso.

"Huyu ndiye wa kunionyesha wanyama," akasema. "Mkamba mzima, kwao simba, darubini haijui!"

Nilimwambia kwetu simba haji na maelekezo.

Wiki saba zimebaki. Tarehe 20 Oktoba tunapanda ndege, mimi na yeye, kwenda kwenye hifadhi moja ya kinamasi kaskazini mwa Argentina. Mahali ambapo, kwa maelezo ya wenyewe, hakuna cha kufanya. Hakuna mji, hakuna duka. Maji, majani, na wanyama wasio na haraka. Kuna panya ukubwa wa mbuzi. Ila Mzee hamtaki panya. Anamtaka yule mbwa mwitu mwekundu kama kutu, masikio makubwa, miguu mirefu myeusi kama amevaa soksi za shule. Anatembea peke yake, anaona haya, anakula matunda. Jina lake la huko linatushinda wote wawili, kwa hiyo tunamwita Miguu. Mzee alimwona kwenye televisheni na tangu siku hiyo hatujapumzika.

Mzee mwenyewe ni mrefu, mwembamba, anatembea kwa aibu. Nimemwambia wanafanana. Hakukataa.

Alhamisi, 4 Septemba

Mazoezi ya kunyamaza. Ndiyo, kuna mazoezi. Mama wa hifadhi kaandika kwamba Miguu akisikia sauti ya mtu anaondoka na harudi. Basi saa kumi na mbili asubuhi nikaegesha Al Jaddaf, kando ya maji. Tukakaa kwenye viti vya kukunja kutazama ndege. Saa nzima bila neno.

Nilipiga chafya mara tatu. Nikauliza swali moja. Nikaimba kidogo bila kujua.

"Weye Mutiso," akasema, "unapiga kelele hata ukinyamaza."

Miaka ishirini na mitatu nimemwendesha mtu huyu. Kazaliwa Unguja, kaishi hapa Dubai, ana miaka sabini na tisa. Mkewe alifariki, sasa anakaa kwa mwanawe, Khalfan. Mimi chumba changu kiko kando ya lango. Zamani alikaa kiti cha nyuma. Siku hizi anakaa mbele, anasema huko nyuma hasikii ninavyomsengenya.

Jumatano, 10 Septemba

Mama wa hifadhi anaitwa Graciela. Anaandika Kihispania, simu yangu inafasiri. Kiswahili cha simu ni kama changu nilipoanza kazi hapa, Mzee akinicheka kila nikifungua mdomo. Leo imesema: "Kitanda mbili yenye wavu, mashua ya asubuhi, leta buti ya mpira." Nimeelewa yote.

Kauliza pia: "Baba yako anatembea vizuri?"

Nimejibu kwamba anatembea vizuri kuliko mimi. Neno baba sikulisahihisha.

Jumatatu, 15 Septemba

Khalfan kaniita ofisini kwake, Dubai Investments Park, kule kwenye ghala la vigae. Hajawahi kuniita huko. Kafunga mlango. Nikajua si habari ya kubadilisha matairi.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alisema taratibu, kwa adabu, kwamba baba yake haendi popote. Daktari kakataa. Akanikumbusha Julai. Kana kwamba nimesahau. Mzee alitoka kwa miguu mchana wa jua kali, tukamtafuta kwa muda wa saa mbili. Mimi ndiye niliyempata, kwenye kituo cha mafuta, amekaa juu ya kreti. Aliniuliza mimi ni nani, na kama najua nyumba ya Nassor iko wapi.

"Nikimwambia hendi, ataacha kula," Khalfan akasema. "Kwa hiyo endeleeni kupanga. Kupanga kunamfurahisha."

Kisha akanipa bahasha. Ndani, pasipoti ya Mzee.

"Kwangu ataitafuta. Kwako hatafikiri. Akiuliza, mwambie iko kwenye kufanywa upya. Wewe ndiye anayekuamini, Boni."

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema, "Sawa, sir."

Kibali changu cha kukaa nchini kinaisha Novemba. Anayetia sahihi ni yeye. Hakulitaja hilo. Hakuwa na haja.

Jumanne, 16 Septemba

Pasipoti iko ndani ya sanduku langu, chini ya sweta ambalo sijalivaa tangu nitoke Machakos.

Nimecheka peke yangu, kicheko kibaya. Nilipoingia nchi hii, pasipoti yangu ilichukuliwa siku hiyo hiyo ikawekwa kwenye kabati la Mzee. Ndivyo ilivyokuwa desturi, hakuna aliyeshangaa. Ilikaa miaka kumi na mmoja. Nikitaka kwenda nyumbani, naomba. Siku moja akaja na funguo mkononi, akanipa. Alisema tu, "Chukua, mtu mzima wewe." Hakuomba msamaha, na mimi sikudai.

Sasa dereva anamfungia pasipoti kafeel, mdhamini aliyemleta nchini. Ningewasimulia jamaa zangu wangefikiri nimeshinda.

Ijumaa, 19 Septemba

Kauliza. Nimedanganya.

"Iko kwenye kufanywa upya, Mzee. Kurasa zilikuwa zinakaribia kuisha."

"Ahsante, mwanangu. Ningesahau mimi."

Sikula chakula cha mchana. Jioni nilikula viwili.

Alhamisi, 25 Septemba

Viza yangu imetoka.

Nilikuwa naomba ikataliwe. Nilipeleka barua ya benki yenye aibu, picha ambayo nimetoka kama mtoro wa jela, na fomu niliyoijaza kwa mwandiko mbaya kusudi. Watu wamekataliwa viza kwa sababu ndogo kuliko sura yangu. Mimi nimekubaliwa! Siku tisini! Yeye, kwa pasipoti ya hapa, hahitaji hata viza. Mimi ninayo. Wote tuna ruhusa ya dunia nzima, na hatuendi.

Mzee alifurahi akanipigia makofi. Akampigia Khalfan simu kumweleza. Nilisikia Khalfan upande wa pili akisema, "Mashaallah, baba."

Nimempigia Mumbua, mke wangu, nikamweleza yote. Kajibu:

"Mrudishie."

"Na kazi?"

"Sijasema ni rahisi. Nimesema mrudishie."

Yeye yuko Machakos. Huko mambo yanaonekana vizuri.

Ijumaa, 3 Oktoba

Wiki nzima swali moja kila asubuhi. Haijatoka? Haijatoka, Mzee. Leo kachoka kungoja. Kavaa kanzu iliyopigwa pasi, kajipaka mafuta ya udi, kasema tunakwenda ofisi ya pasipoti, awakabili makarani uso kwa uso.

Siku ya Ijumaa ofisi zinafunga mapema. Nikaanza kuendesha. Nilikosa njia ya kutokea, makusudi. Nikakosa ya pili. Nikatia mafuta wakati tangi limejaa robo tatu. Nikapita Bur Dubai, ambako hatukuwa na shughuli yoyote, nikakaa nyuma ya lori la kushusha vitambaa kama vile ni msafara wa sheikh.

"Leo barabara imekuwaje?" akauliza.

"Ni Ijumaa, Mzee."

"Wewe umezeeka, Mutiso. Zamani ulikuwa unaijua njia."

Tulipofika mlango umefungwa. Akasimama mbele ya kioo, akajitazama, akaweka kofia sawa. Aliwapungia mkono watu ambao hawakuwepo ndani. Akarudi garini, akanipa pole kwa usumbufu.

Mimi ni takataka. Naliandika hapa ili lisomeke.

Jumatatu, 6 Oktoba

Saa kumi na moja alfajiri, mlango wangu unagongwa. Mzee. Kofia ya safari kichwani, kamba imefungwa chini ya kidevu, sanduku mkononi, buti za mpira miguuni.

"Mutiso, tumechelewa! Ndege haimngoji mtu!"

Wiki mbili kabla ya siku. Nilimtazama machoni na sikumwona mle ndani. Alikuwa yule wa kituo cha mafuta.

Sikujua la kufanya. Ningemwamsha Khalfan, ndiyo yangekuwa yamekwisha. Nikachukua sanduku nikalitia garini. Nikaendesha mpaka Al Jaddaf, pale petu, nikafungua viti. Tukakaa. Jua likatoka. Safari hii sikupiga chafya. Karibu saa nzima, kisha akatazama buti zake. Akazitazama muda mrefu.

"Leo tarehe ngapi?"

"Sita, Mzee."

Akavua kofia. "Khalfan usimwambie."

"Simwambii."

Nina siri ya mwana kwa baba, na siri ya baba kwa mwana. Zote nzito, na wote wawili wana haki. Hilo ndilo linaloniua. Ningekuwa na adui ningemchukia, nikalala usingizi mzuri. Khalfan anampenda baba yake. Mzee anataka kumwona mnyama mmoja kabla hajasahau kwamba alimtaka. Na mimi nimekaa katikati na sweta la Machakos.

Jumanne, 7 Oktoba

Graciela anasema Miguu ameonekana asubuhi tatu mfululizo, karibu na gati la mashua. Yuko na mtoto. Nimemsomea Mzee. Akanirudisha nisome tena. Akanirudisha mara ya tatu.

Sikuweza kuisoma mara ya nne. Nikasema simu imeisha chaji.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemrudishia. Khalas.

Niliingia chumbani kwake baada ya adhuhuri, nikasimama wima, nikaweka pasipoti mkononi mwake, nikasema yote: ofisi, bahasha, ile Ijumaa barabarani. Sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika bega, akasema mimi ni mwanamume. Yeye na Khalfan watazungumza wenyewe.

Nahisi mwepesi.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sina la kuandika. Nimeosha gari mara mbili. Khalfan kafuta tiketi.

Jumanne, 21 Oktoba

Ile ya tarehe 12 ni uongo. Daftari hili halisomwi na mtu yeyote, na hata humu nimedanganya. Nilitaka kuiona ingekuwaje, imeandikwa.

Yaliyotokea ni haya. Niliingia chumbani kwake kweli, baada ya adhuhuri, pasipoti mfukoni. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anahangaika na soksi. Akasema, "Ah, Mutiso, umekuja wakati wake." Nikapiga magoti nikamvisha moja, nikamvisha ya pili. Miguu yake imekonda. Nikainuka. Akasema ahsante. Nikasema haina neno. Nikatoka, na pasipoti mfukoni. Hakuna zaidi. Hakuna aliyenishika bega.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Alikumbuka vizuri kabisa. Akili yake jana ilikuwa safi kuliko yangu. Alivaa suruali ya safari na shati lenye mifuko mingi, akakaa sebuleni kwenye kiti kinachotazama lango. Khalfan alipita kwenda kazini, akambusu kichwani, hakunitazama. Saa tatu, Mzee yuko pale. Saa tano, yuko pale. Nikampelekea chai, ikapoa. Ndege ilikuwa iondoke saa saba mchana.

Saa sita akaniita.

"Haijatoka?"

Pasipoti ilikuwa hatua thelathini kutoka pale alipokaa. Ningeweza kusema. Khalfan hakuwepo, nyumba nzima kimya. Nilifungua mdomo.

"Haijatoka, Mzee."

Akatikisa kichwa polepole. Akafungua vishikizo vya shati, kimoja kimoja, cha juu kwanza. Kisha akanitazama, na sijui aliona nini usoni mwangu, kwa sababu alinisogezea kiti. Akaniambia nikae. Akasema makarani wana watu wengi, kazi yao ngumu. Akasema nisijilaumu, nimekwenda na kurudi mwezi mzima kwa ajili yake, na mtoto wa kuzaa asingefanya hivyo.

Nikamwambia ahsante.

Tukakaa. Saa saba ikapita.

Leo asubuhi nimemwandikia Graciela kwamba hatuji, afya haijaruhusu. Amejibu kwamba chumba atakiacha wazi mpaka mwisho wa mwezi, kama baba atapata nafuu. Nimempeleka Mzee kunyoa nywele. Amelala njia nzima ya kurudi. Sikuwasha redio.