Firigisi ya Beki

Mjukuu wangu Barasa,

Hapa Uthiru sisi ni wazima. Jana tulikuona kwenye simu ukicheza hoki yenu ya barafu, ukimbana mshambuliaji mmoja ukutani mpaka barafu ikaruka. Nyanya yako alipiga vigelegele, majirani wakadhani kuna arusi.

Umeniuliza, "Kuka, nimwombe kocha anihamishe mbele?" Unasema umechoka kulipwa kuzuia huko Kanada wakati wafungaji ndio wanapigwa picha. Wivu huo naujua vizuri. Ujanani nilikuwa beki wa hoki ya nyasi hapa mjini. Siku ya fainali nilizuia mipira mpaka miguu ikavimba. Rafiki yangu Wekesa akafunga bao moja tu, tukashinda.

Jioni shangazi akatuchinjia kuku. Kwetu, unajua, firigisi hupewa mwanaume wa heshima. Akampa Wekesa! Nilitafuna bawa langu nikimtazama akiila polepole, moyo unawaka.

Mara akaingia jirani yetu, mshambuliaji wa timu tuliyoifunga, kutupa pongezi. Alimpita Wekesa kama kiti, akaja kwangu.

"Wewe leo umenifungia mlango," akasema.

Akanishika mkono bila kutabasamu. Macho yale niliyajua, maana nilikuwa nayo mimi mwenyewe dakika ile ile. Alikuwa ananionea wivu.

Utaamua mwenyewe. Lakini ukija Disemba nyanya yako atachinja jogoo, na firigisi ni yako, beki. Wekesa nimeshamwalika. Nataka akae mbele yako, akutazame ukiila polepole.

Ni mimi, kuka wako