Fundi Anasema

4 Februari

Mke wangu,

Hamjambo wewe na mama? Pacha wamepona kikohozi? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo. Wanawake wa huku wananitazama, nami nawatazama kwa dharau.

Unaikumbuka ile sinema ya fundi makufuli, yule mwanajeshi aliyerudi kutoka vitani, bibi mmoja akamrubuni afungue kasiki la fedha la mumewe? Tuliiona kwa kaka yako kabla sijakuoa, kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa, chenga tupu, hatukujua kama ni mvua inanyesha au ni mkanda umechoka. Miaka yote hii haikupatikana kwa pesa wala kwa magendo. Sasa wameiokota picha ya asili ghalani, wameisafisha, wameitoa kwenye diski. Imeingia dukani kwetu jana, na aliyefungua boksi ni nani? Mimi, meneja wa rafu zote za sinema za zamani, kazi ambayo hata wenye digrii wanaililia.

Nimekutumia moja. Itazame, kisha useme umeolewa na nani.

Mumeo anayejulikana hadi ng'ambo,
Baba Pacha

10 Machi

Baba Pacha,

Salamu nyingi. Pacha wamepona, kikohozi kimehamia kwa mama yako.

Diski imefika. Deki yetu ilishakufa, kwa hiyo nimeipeleka kwa fundi redio, huyu jirani. Tumeitazama dukani kwake. Kumbe ilikuwa mvua kweli! Matone unayaona moja moja kwenye kofia. Fundi anasema hata usiku usio na mvua barabara waliimwagia maji makusudi ili taa zing'ae. Fundi anasema mtazame yule bibi, kila anapotaka kudanganya anasogea nje ya mwanga, uso unabaki nusu. Nimerudi Jumamosi kuhakikisha, ni kweli. Fundi anasema nina jicho.

Asante sana, mume wangu. Cherehani inaniita.

Mkeo

21 Machi

Mke wangu,

Mimi ni mzima, isipokuwa silali.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Nimemkuta fundi mlangoni, fundi dirishani, fundi uvunguni. Nilituma zawadi kwa mke wangu, kumbe nimemgharamia fundi burudani. Ninamjua huyo. Redio yangu aliitengeneza ikawa inashika matangazo ya vifo tu. Leo amekuwa profesa wa vivuli? Eti una jicho. Jicho hilo nililiona mimi kabla yake, ndiyo maana nikakuoa. Na sinema yenyewe inamhusu nani? Fundi anayefungua kisicho chake!

Kuanzia leo usikanyage dukani kwake. Natuma deki mpya. Utatazama nyumbani, mlango umefungwa.

Mumeo asiye na wivu hata chembe,
Baba Pacha

2 Juni

Baba Pacha,

Tu wazima wote. Deki ilifika Aprili. Sikuandika kwa sababu sikuwa na la kuandika.

Nimetazama nyumbani kama ulivyoamuru. Mama yako, ambaye kule dukani alikuwa anakaa kati yangu na fundi, akikoroma tangu mwanzo hadi mwisho, alikataa kukaa nami. Pacha walitaka katuni. Nilipofika pale bibi anapozima taa ya ngazi, nikageuka nimwambie mtu, nikakutana na ukuta. Nikazima.

Simtaki fundi. Ninachotaka ni mtu wa kuzungumza naye. Unaniandikia imetoka boksi gani, nani alikusifu, nani anaililia kazi yako. Hujaniandikia hata mstari mmoja wa ulichokiona. Fundi anasema. Wewe unasemaje?

Mkeo

19 Juni

Fundi wangu wa cherehani,

Salamu kwa mama, mwambie aendelee kukoroma. Pacha nawabusu.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Nikachukua diski moja, nikajifungia chumbani.

Basi mimi nasema hivi. Kofia ya yule fundi makufuli ni kubwa kuliko kichwa chake. Ni ya kuazima, na nadhani hata ujasiri wake ni wa kuazima. Hilo fundi redio hakuliona, na kama aliliona, asiniambie. Nasema pia yule mume tajiri tunaambiwa ni mbaya, lakini mimi sikumwona akimpiga mtu. Kila akirudi nyumbani anazungumza peke yake: gari lake, nyumba yake, nani kamsalimu mjini. Mkewe anajibu "ndiyo" huku amempa mgongo. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Halafu bibi anashona bitana ya koti, mlango unagongwa. Kabla ya kwenda kufungua, anachomeka sindano kifuani pa gauni, vilevile kama wewe. Nikazima hapo hapo. Wivu ulinishika, sikufichi, na sijui namwonea nani.

Nimeomba likizo ya Agosti, wamenipa. Nikija tutaanzia kwenye sindano. Mama akitaka katikati, akae. Utaniambia kila kivuli, nami nitanyamaza.

Nitajaribu.

Mumeo